Kopo la Mama, Akaunti Yangu

Mama yangu aliuza vitumbua Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na benki yake ilikuwa pembe ya kanga. Kilichozidi pale kiliingia kwenye kopo la maziwa ya unga, na cha kopo kilikwenda kwenye upatu wa akina mama wa mtaani. Baba alikuwa mtu wa reli. Yeye alikuwa na kitabu cha NBC, ambayo tangu mabenki yalipotaifishwa mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa benki ya karibu kila mwenye mshahara. Mama hakuwahi kuvuka mlango wa benki ile. Baba naye hakujua kopo liko wapi, au alijua akanyamaza, maana mabati ya chumba cha uani yalinunuliwa bila yeye kuombwa hata shilingi, na hakuuliza yametoka wapi.

Kidini hapakuwa na sababu ya kuficha. Madrasa tulifundishwa tangu wadogo kwamba mali ya mke ni yake, na kulisha nyumba ni wajibu wa mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kusema kuwa mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Aliowaogopa Mama ni mawifi na mashemeji. Ikijulikana kwamba mke wa kaka ana akiba, basi kila homa na kila deni la ukoo litagonga mlango wake.

Mimi niliolewa mwaka 2004, muuguzi mpya Dar es Salaam, na mume Mpare wa Usangi. Watani wao husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Wangu hana kesi na mtu, ila kila risiti ipo kwenye bahasha. Ni yeye aliyetaka akaunti ya pamoja. Wenzake kazini walimcheka, na mawifi zangu walinitazama kama nimemfanyia kitu. Kwenye fomu tuliulizwa kama saini ya mmoja itatosha kutoa fedha au ni lazima tusaini wote wawili. Akajibu kabla sijafungua mdomo: mmoja anatosha. Nilimheshimu sana siku ile, na sijaacha.

Akaunti hiyo ilitununulia kiwanja. Ilimlipia binti yetu Salma shule ya awali. Sina neno baya juu yake.

Shida ililetwa na ujumbe wa simu. Benki zilipoanza kumtumia mteja taarifa ya kila muamala, zetu zilikuwa zikiingia kwenye simu ya Baba Salma, kwa kuwa namba iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa yake. Natoa elfu arobaini asubuhi, na kabla sijatoka kwenye foleni ananipigia kutoka kazini kwake Mwanza, kule alikokuwa akipima viwanja: "Mama Salma, kuna usalama?" Kweli alikuwa anajali. Sikukatazwa hata mara moja. Niliulizwa tu, na kila swali lilihitaji jibu, na kila jibu lilikuwa na jina la mtu wa kwetu: Mama dawa za presha, mdogo wangu nauli, shangazi tanga la mumewe.

Halafu kuna michango. Asiyeishi Tanzania hawezi kuelewa uzito wa kadi ya mchango wa harusi. Wodini tulikuwa wengi, na mwezi haukupita bila kadi: kitchen party ya huyu, send-off ya yule, harusi ya mtoto wa matroni. Usipochanga leo, keshokutwa wako ataozwa na watu watatu. Ni mfuko wa bima usio na ofisi. Ila ukiutazama kwenye taarifa ya benki mwisho wa mwezi, ukiwa mwanamume aliyelala kwenye hema porini ili kiwanja kikamilike, unaona tu mke ametoa laki kwa ajili ya bibi harusi usiyemjua. Baba Salma alikuwa anakohoa kidogo, kisha anakunja karatasi. Kikohozi kile nilikisikia hadi ndotoni.

M-Pesa ilipoingia mwaka 2008 nilipata mahali pa kuweka vijisenti. Mama pia, huko Tanga. Alifurahi kupita kiasi kusikia kwamba kopo sasa lina namba ya siri. Hapo ndipo nilipojua sitaki kopo. Yeye aliishi miaka yote ile akihesabu fedha zake usiku, na mimi sikuwa na wifi wa kumkimbia. Nilitaka akaunti ambayo mume wangu anajua ipo, anajua iko benki gani, na haulizi.

Nilikwenda Benki ya Wanawake, iliyofunguliwa mwaka 2009. Wanaume pia walikuwa wateja wake, jambo ambalo wengi hawakulijua. Niliichagua kwa sababu si ile ya akaunti yetu, basi, na kwa kuwa dada wa dirishani alinieleza makato ya kila mwezi kabla sijauliza. Jioni nilimwonyesha Baba Salma kadi. Akauliza, "Tumekoseana nini?" Mazungumzo yale yalichukua wiki kadhaa. Tulichokubaliana ni kwamba mishahara iingie kila mmoja kwake, kisha kila mtu apeleke sehemu yake kwenye ya pamoja kulingana na kipato chake: ada, umeme, ujenzi, hospitali. Mwezi ambao hajalipwa na mteja, nazidisha mimi.

Aliyembadilisha kabisa hakuwa mimi. Jirani yetu alifariki ghafla, na fedha zote za nyumba zilikuwa kwenye akaunti yenye jina lake peke yake. Mjane alisubiri cheti cha kifo, kikao cha ukoo, kisha mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, na ada za watoto zikawa zinadaiwa. Tulimchangia. Baba Salma alirudi kutoka kwenye kikao kile na swali moja tu: ile akaunti yako ina kiasi cha kukutosha miezi mingapi?

Benki ya Wanawake iliunganishwa na TPB mwaka 2018, na mwaka 2021 TPB ikawa TCB, nami nimehama nayo kote huko bila kusogea. Salma anafanya kazi sasa na ana akaunti tangu chuo. Mchumba wake pia anayo. Kwao mjadala uliobaki ni kama wafungue ya pamoja, na ujumbe uingie simu ya nani. Nimemwambia uingie zote mbili.

Harusi ni mwakani. Baba Salma anashikilia kwamba mchango wetu utoke kwenye akaunti ya pamoja, na kwamba kadi zote nilizochangia wodini miaka hiyo, sasa zinaporudi, nazo ziingie humo humo. La kwanza nimekubali.