Kilwa: Magofu Yana Mlinzi, Vicheko vya Mzee Small Havina

Basi la Kusini lina mambo yake, mpenzi msomaji. Ukishapanda pale Mbagala Rangi Tatu, magunia ya watu yakakukalia miguuni na kuku wa jirani akakutolea macho, unatulia tu kama maji ya mtungini. Safari hii kilichonitoa usingizini ilikuwa televisheni. Konda alikuwa ameweka vichekesho vya zamani vya Mzee Small na Bi Chau, lakini spika ilikuwa imekufa. Akaigonga kwa kiganja, akachomoa waya, akachomeka, wapi! Picha inakwenda, sauti hakuna.

Basi zima likacheka vile vile.

Nakwambia kweli. Mzee Small anafungua mdomo, hatumsikii. Bi Chau anamtazama tu, lile jicho la mke aliyechoka kudanganywa, na akina mama wa siti za nyuma hoi. Mama mmoja mwenye furushi la vitenge akajipa kazi ya ukalimani: "Hapo anamzungusha hela ya mboga hiyo!" Hakuna aliyembishia. Kila mtu mle ndani alikuwa ama ameshazungusha hela ya mboga, ama ameshazungushwa.

Sasa kwa taarifa yako, tulikuwa tunakwenda kwao. Said Ngamba, ndilo jina lake huyo Mzee Small, alizaliwa Kilwa mwaka 1955. Alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Juni 7, 2014, baada ya kusumbuliwa na kiharusi. Mimi safari yangu ilikuwa ya magofu, kama ya kila mtu anayekwenda Kilwa na kofia pana kichwani. Nikasema moyoni, magofu nitayaona, hayakimbii. Lakini na huyu bwana nitamuulizia.

Barabara yenyewe siku hizi ni lami, ingawa usiisifie mbele ya watu wa Lindi, watakuuliza ni lini ulipita. Zamani Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na masika ikiwaka watu wa Kusini walikuwa wakiagana na ndugu zao kama wanakwenda Hija. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, refu, karibu kilomita nzima. Tukashukuru. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vikaikata barabara pale Somanga, magari yakalala foleni, na vikongwe wakaanza tena kusimulia habari za pantoni.

Ugumu huo wa njia ulikuwa na maneno yake mjini. Mtu wa Kusini akifika Dar es Salaam alikuwa anachekwa kabla hajafungua kinywa. Lafudhi yake inachekwa, chakula chake kinachekwa, hata namna anavyovuka barabara. Neno 'machinga' lenyewe, wengi husema limetokana na Wamachinga, watu wa huku huku Lindi, vijana walioingia mjini na bidhaa mkononi wakazunguka juani. Leo kila mchuuzi ni machinga, awe ametoka Bukoba.

Sasa chukua mtu wa umbo dogo, anatoka Kilwa, mjini kumejaa wajanja. Alikuwa na njia mbili: achekwe bure au achekwe kwa kiingilio. Mimi naona hapo ndipo Mzee Small alipowaweza watoto wa mjini. Aliwatangulia kujicheka, halafu akawakatia tiketi.

Vijana wengi hawajui kichekesho kilivyokuwa kabla ya simu. Miaka ya 1980 na 1990 Jumamosi na Jumapili Dar es Salaam ilikuwa na vikundi: Muungano, DDC Kibisa, na kuanzia 1992 TOT. Unaingia ukumbini jua likiwa kali, unatoka usiku. Humo umepata ngoma, sarakasi, igizo, taarabu ya kurushiana vijembe, na katikati kichekesho, ambacho ndicho hasa kilichowazuia watu wasiende nyumbani kula. Redioni kulikuwa na Pwagu na Pwaguzi wa RTD. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994 tu, na hapo ndipo sura kama ya Mzee Small ilipoingia sebuleni kwa watu, ikafuatiwa na mikanda ya video. Huku Kilwa ilionwa katika vibanda, jenereta inanguruma nje kuliko mwigizaji ndani. Kwa maana hiyo yule konda hakukosea sana. Wengi walimjua Mzee Small bila kumsikia.

Ile picha ya bila sauti ilinikumbusha mwanamama mmoja wa Marekani, Mabel Normand. Enzi hizo filamu zote zilikuwa bubu, karne ya 20 ikiwa bado changa, na yeye alikuwa malkia wa kuchekesha katika studio ya Keystone ya Mack Sennett. Si kuigiza tu, alikuwa anaongoza filamu mwenyewe. Charlie Chaplin, huyo huyo wa kofia na bakora ambaye hata babu yako anamjua, alipoanza kazi Keystone mwaka 1914 alikuta Mabel ni mkubwa kwake. Filamu ya kwanza ambayo Chaplin alivaa yale mavazi ya uzururaji na kupigwa picha, aliyeiongoza ni Mabel. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1930, hata miaka 40 hajafika. Leo uliza mtaani, Chaplin wanamjua. Mabel? Nani huyo?

Na hili linanirudisha kwa Bi Chau. Watu husema 'vichekesho vya Mzee Small', kana kwamba yule mama alikuwa kabati pale sebuleni. Ukiangalia bila sauti, kama tulivyolazimishwa sisi, unaona kazi inavyogawanyika. Mzee anahangaika, anapinda, anaapa. Lakini kicheko hakitoki mpaka kamera iende kwa mama. Yeye ndiye anayeamua uongo umefika mwisho. Mume mwongo asiye na mke wa kumtazama hachekeshi, ni mwongo tu.

Basi. Nangurukuru nikashuka, nikanunua samaki wa kukaanga, nikapanda gari la Kilwa Masoko.

Kisiwani unavuka kwa boti, baada ya kulipia kibali ofisini, na unapewa mtu wa kukutembeza. Kijana wangu alikuwa anajua kazi. Akanionyesha Gereza ufukweni, ngome waliyoianzisha Wareno walipovamia mwaka 1505 na baadaye Waarabu wa Oman wakaijenga upya. Akanipeleka Msikiti Mkuu, kuba baada ya kuba, ukisema neno linakurudia. Akanipandisha Husuni Kubwa, jumba la Sultani lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane linalotazama bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifia mji. Sarafu za masultani wa hapa zilisafiri kuliko mimi: mwaka 1944 tano ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, huko kaskazini mwa Australia!

Nikamuuliza kijana, na Mzee Small je? Akacheka kwanza, kama watu wote wanavyocheka wakisikia jina. "Huyo wa kwetu." Kuna mahali pa kumwona? Picha? Kibao? Akafikiri. "Kwenye YouTube, kaka."

Hapo nilikaa kwenye ngazi za msikiti nikafanya hesabu ya miaka. Magofu haya yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mawimbi yanakula kuta, mizizi inapasua mawe. Wakaja wataalamu, zikaja fedha, zikajengwa kinga za kuzuia bahari. Mwezi Juni 2014, kwenye mkutano wa Doha, Kilwa ikatolewa kwenye orodha ya hatari. Juni 2014! Mwezi ule ule tuliomzika Mzee Small Dar es Salaam. Mawe ya Kilwa yakaambiwa yamepona, na mtu wa Kilwa aliyechekesha nchi nzima akaenda na mali yake kichwani.

Sisemi mawe yasitunzwe, jamani. Lakini jiwe lina bahati, linasubiri miaka 700. Kicheko hakisubiri. Hata Wamarekani wenye fedha zao limewakuta. Maktaba ya Bunge lao ilitoa ripoti mwaka 2013 kwamba asilimia 70 hivi ya filamu ndefu za bubu zilizotengenezwa nchini mwao zimepotea kabisa. Zimeungua, zimeoza, nyingine zimeyeyushwa watu wapate madini ya fedha yaliyomo. Na wale walikuwa na filamu kwenye makopo. Kichekesho cha Jumapili ukumbini kwetu, saa 12 jioni, nani alikuwa na kamera? Kimekwenda na waliokicheka.

Kesho yake nikaenda Kilwa Kivinje. Huu ndio mji wa kukaa, ukiniuliza mimi. Milango ya nakshi inayoinama, nyumba za Kihindi zimeota miti dirishani, ufukweni madau na harufu ya ng'onda. Ndiko kuna habari ya Mwembe Kinyonga, ule mwembe ambao Wajerumani waliwanyongea watu wakati wa Maji Maji. Mji wa majonzi kiasi kile, na bado ukikaa barazani dakika 10 utaondoka unafuta machozi ya kucheka. Labda ndiyo sababu. Pwani hii ya Lindi haijaacha kuzaa watu wa jukwaa. Ebrahim Hussein, aliyeandika Kinjeketile, ni wa huku, na mtu yule yule wa Maji Maji na mashetani aliandika pia Alikiona, mchezo wa kuchekesha. Hata Rashidi Kawawa, Simba wa Vita, shule ya msingi alisoma Liwale, na kabla ya siasa kumchukua aliigiza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waziri Mkuu aliyeanzia kwenye sinema, Marekani wangeshatengeneza fulana.

Barazani nilimwamkia mzee mmoja, "Shikamoo babu," akaniitikia "Marahaba mjukuu wangu, umetokea kwa nani?" Nikamweleza shida yangu. Akasema Mzee Small ni mtoto wao, ila alikwenda mjini mapema, na anayekwenda mjini mapema huwa wa mjini. Mwenziwe akadakia kwamba hata mjini hawakumtunza. Wakaanza kubishana ni kichekesho kipi kilikuwa kizuri zaidi, kila mmoja anaigiza chake, wamesimama, fimbo zimewekwa chini. Watoto wakajaa. Mimi kalamu mfukoni, nimeishiwa nguvu kwa kucheka.

Nikauliza kama kuna mtu ana mikanda ya zamani. Babu akasema kijana wake aliwahi kuwa na kibanda cha video, deki mbili, mikanda imejaa kikapu. Nikashtuka. Iko wapi sasa? Nikaona nimefika, nitairudisha Dar niisafishe, niitafutie watu wa kuinakili.

Akanyoosha mkono kule mashambani. Kibanda kilifungwa CD zilipoingia, deki zikauzwa, mikanda ikabaki inaota ukungu. Mke wa kijana akaona hasara. Akaipasua, akatoa ule utepe mweusi wa ndani, akaufunga mti hadi mti kuzunguka mpunga. "Upepo ukipiga unalia vuuu," babu akaniambia, "ndege hawasogei kabisa."