Daftari na Mashine

Watu walio nje ya kazi yetu hudhani kwamba mwandishi wa programu za kompyuta akishaandika, basi kazi imekwisha. Sivyo. Programu iliyokwisha andikwa ni sawa na chakula kilichoiva jikoni: bado kuna kukipakua na kukifikisha mezani bila kuwamwagia wageni mchuzi. Hatua hiyo sisi huiita kutoa toleo, na nimeona inawakosesha watu usingizi kuliko kuandika kwenyewe.

Katika kikundi chetu cha watu sita hapa Dar es Salaam, tunaotengeneza programu ya hesabu za vyama vya akiba na mikopo, hatua hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Tulimwita Mjomba, kwa kuwa alitutangulia sote kwa umri. Alisubiri usiku wa Ijumaa, akafungua daftari lake la kaunta, akafuata hatua moja baada ya nyingine huku akitia alama ya vema kwa kalamu nyekundu: nakili kumbukumbu, simamisha seva, weka faili mpya, washa, jaribu. Hatua zilikuwa 31, wala hakuna mwingine aliyezijua zote. Vijana walimheshimu lakini walichoka kumsubiri. Marekebisho ya mstari mmoja yaliyomalizika Jumatatu yalilala hadi Ijumaa, na mwanachama fulani akaendelea kuona salio lisilo sahihi siku zote hizo. Ndipo, mwaka 2023, mkuu wetu akaniagiza nitafute mashine ya kutoa matoleo. Nasema mashine, ingawa ni programu tu inayoendesha programu nyingine.

Za kuchagua zilikuwa nyingi. Ipo Jenkins, iliyoanzishwa na Mjapani Kohsuke Kawaguchi alipokuwa akifanya kazi Sun Microsystems, ambayo iliitwa Hudson mpaka mwaka 2011. Haina malipo, na watu wameiandikia programu ndogo za kuongezea zaidi ya 1,800. Ila kila unayoiongeza ni mdomo mwingine wa kulisha. Ipo GitHub Actions, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2019, ambayo vijana waliipenda kwa sababu hukodiwa tu, hakuna cha kusimika. Ipo GitLab, ambayo unaweza kuikodi au kuiweka katika kompyuta yako mwenyewe. Vijana waliniletea jedwali la bei, kasi na urahisi. Lilikuwa jedwali zuri. Mimi nikaenda kuomba daftari.

"Unataka kunistaafisha mapema, mwanangu?" Mjomba aliniuliza. Alicheka, lakini mkono haukuliachia daftari mara moja.

Sikumjibu kwa maneno ya kumpoza. Nilimsimulia habari za Knight Capital ya Marekani, kampuni ya kununua na kuuza hisa. Walikuwa na seva nane za kupeleka maagizo sokoni. Fundi aliziwekea programu mpya saba, ya nane ikasahaulika, na hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu wa pili apitie kazi hiyo. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012 soko lilipofunguliwa, ile ya nane iliamsha maagizo ya zamani yaliyokuwa hayatumiki tangu mwaka 2003, ikaanza kununua na kuuza bila kukoma. Katika dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Na lililonisumbua zaidi ni hili: katika kuhangaika, waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa, nazo zikaanza kufanya kama ile mbovu.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata kurudi nyuma kunataka mazoezi." Akaniachia daftari.

Nililisoma siku mbili. Katika hatua 31, mashine ingezifanya 22 vizuri kuliko binadamu yeyote, hasa binadamu wa saa sita usiku. Zile tisa hazikuwa kazi ya kompyuta kabisa. Mpigie mhasibu wa chama, uliza kama ameanza kufunga mwezi. Usitoe toleo wiki ya gawio. Angalia mafuta ya jenereta. Hakuna aliyekuwa ameziweka kwenye jedwali, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba zinafanyika.

Kwa hiyo nilipima hivi: je, mashine itapeleka kitu kilekile kwa seva zote, au isimame? Je, itarudisha toleo la jana kwa hatua zilezile kila mara? Na je, inaweza kusimama ikamsubiri mtu? Kusema kweli zote tatu zinaweza, kila moja kwa namna yake. Kilichoamua ni mahali pa kuishi mashine yenyewe. Nilikumbuka mwaka 2020, Travis CI ilipobadili masharti ya malipo na miradi mingi ya programu huria ikalazimika kuhama. Nikapendekeza GitLab, katika kompyuta yetu wenyewe ofisini, na kabla ya hatua ya mwisho isimame mpaka mtu abonyeze. Tukakubaliana kwamba aliyeandika siye atakayebonyeza.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasuasua nchini kwa siku kadhaa. Wiki hiyo tulikuwa na toleo. Seva zetu ziko jijini humu humu, na nakala za maktaba za programu tulikuwa nazo, basi likatoka. Kijana mmoja alisema tumebahatika tu, maana maktaba moja mpya ingetukwamisha. Ni kweli.

Bado wanataka tuhamie kwenye ya kukodi, nao wana hoja: kompyuta ya ofisini inataka kufanyiwa marekebisho ya usalama kila mara, na mtu wa kuiangalia. Kwa sasa anayeiangalia ni Mjomba. Alijifunza kuandika hatua za mashine kwa wiki tatu, akibishana na kila nafasi iliyopungua mwanzoni mwa mstari. Zile tisa amezipiga chapa, akazibandika ukutani karibu na simu.