Fungu la Mavyaa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Marehemu mume wangu alikuwa na daftari, tena safi. Alipofariki mwaka 2022, baada ya miaka 26 ya kazi nchini Marekani, aliacha akaunti ya kustaafia, ile ambayo Wamarekani huiita kwa kifupi IRA, yenye dola 120,000. Kwenye fomu ya mrithi aliandika jina moja tu, nalo ni langu.

Kwa sheria za huko, fomu hiyo ndiyo yenye kauli. Fedha za akaunti ya namna hii hazingoji wosia wala mahakama. Humwendea aliyetajwa, hata kama wosia unasema vingine. Tena mjane hupewa nafasi ambayo wengine hawapewi. Warithi wengi wasio mke wala mume, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2019, hutakiwa kuimaliza akaunti ndani ya miaka 10. Mjane hana haraka hiyo. Aweza kuihamishia kwenye jina lake, ikawa kama kwamba aliiweka mwenyewe, au aweza kuiacha ikabaki akaunti ya urithi.

Wengi huihamisha mara moja. Lakini mimi nilikuwa na miaka 54. Atoaye fedha kwenye akaunti yake mwenyewe kabla ya kutimiza miaka 59 na nusu hutozwa faini ya asilimia 10 juu ya kodi ya mapato, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa na sheria. Akaunti ya urithi haina faini hiyo. Hubaki kodi tu. Basi nikaiacha ilivyo, na nia yangu ni kuihamisha nitakapovuka umri huo.

Hayo yalikuwa mambo ya hesabu. Lililoninyima usingizi ni jingine. Sisi ni Waislamu, watu wa Tanga, na mavyaa yangu yu hai. Kwa mirathi yetu, mtu akiacha watoto, mkewe hupata thumuni, yaani 1/8, mama yake hupata sudusi, yaani 1/6, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Katika dola zile 120,000, changu kilikuwa 15,000, cha mavyaa 20,000, na 85,000 za mwanangu wa kiume na dada yake. Fomu ilinipa zote.

Wapo walioniambia: "Mwenyewe alikuandika, hiyo ni zawadi yako." Nikafikiri sana. Zawadi hutolewa mtu angali hai. Fedha zile alizishika mwenyewe mpaka pumzi ya mwisho, na jina langu angeweza kulifuta siku yoyote. Na wosia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Nikaona fomu imenitaja kuwa mpokeaji. Haikunitoa kwenye dhima ya haki za watu.

Wanangu ni watu wazima. Niliwaeleza hesabu yote, wakaridhia fungu lao libaki kwangu, niishi nalo. Kwa mavyaa sikuomba. Mama aliyekwisha kuvuka miaka 80, aliyefiwa na mwanawe, atamkataliaje mkwewe anayelia? Ridhaa ya namna hiyo ni haya tu.

Fungu lake nililitoa kwa awamu 3, kuanzia mwaka 2023 hadi 2025, ili kodi ya mwaka mmoja isinielemee. Kwa kuwa kila dola itokayo huhesabiwa kuwa mapato, fungu hilo nalo lilibeba kodi yake. Nilimtumia kilichobaki, na stakabadhi zote nikampelekea wifi yangu, asije mtu akabaki na swali moyoni.

Ndugu msomaji, ikiwa mwenzio yu hai, itazameni fomu hiyo pamoja, na mwambizane nani alikusudiwa nini. Ni maneno ya jioni moja, lakini yatamwondolea mjane mzigo mzito.

Awamu ya kwanza ilipofika, mavyaa alinipigia simu. Hakuuliza ni kiasi gani kimebaki kuletwa. Aliuliza, "Mwanangu, na wewe umejiwekea nini?" Nikamjibu, "Cha kunitosha kipo, mama." Akaniombea dua, tukamlilia pamoja mwanawe.