Nimejifunza Kuomba Kinachonitosha

Mimi ni mtafiti wa vimelea vya malaria. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu anayeithamini kazi yake hakai mbali nayo. Kompyuta ikichakata sampuli usiku, nami nilikuwa macho pembeni yake, sikio likisikilizia mlio wa UPS, maana umeme ukikatika kabla hatua haijaisha ni kuanza upya. Siku hizi naandika ombi langu, nalituma kwenye klasta ya kompyuta, nafunga yangu na kwenda kumchukua mwanangu shuleni. Kazi inaendelea bila mimi, tena inafanyika vizuri zaidi. Nalisimulia badiliko hili kwa sababu halikuishia kwenye kompyuta. Limegusa namna ninavyofikiri kuhusu kuomba na kungoja.

Nieleze kwanza uzito wenyewe. Jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha vifo vingi zaidi vya malaria Afrika, ina kromosomu 14 na herufi za DNA zipatazo milioni 23. Ilichapishwa mwaka 2002. Mbele ya ile ya binadamu, yenye herufi bilioni 3, ni ndogo sana. Lakini mashine ya kusomea DNA haikupi jenomu nzima. Inakupa mamilioni ya vipande vifupi, na kila kipande lazima kitafutiwe mahali pake kwenye jenomu ya rejea kabla hujauliza lolote kuhusu jeni ya kelch13, ambayo mabadiliko yake yanahusishwa na vimelea kuchelewa kufa mgonjwa anapopewa artemisinini. Mabadiliko hayo yamekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Sampuli moja, kompyuta ya mezani inaimudu. Sampuli 320 kutoka vituo vya afya vya wilaya kadhaa, haiwezi. Na nyuma ya kila sampuli kuna mtu, mara nyingi mtoto, aliyetobolewa kidole, na mzazi aliyeridhia akitumaini jibu litapatikana. Tukichelewa, tunamchelewesha yeye.

Klasta ni kompyuta nyingi zenye nguvu zilizounganishwa, kila moja ikiitwa nodi, ambazo hakuna anayekaa mbele yake. Unaingia kupitia mashine moja ya mlangoni, ambayo ni ya kuandika maombi na kuyatuma tu. Kuendesha uchakataji mzito pale ni kuwazibia njia wenzako wote. Ombi linapokelewa na programu ya kupanga foleni. Yetu ni Slurm, iliyoanzia katika maabara ya Lawrence Livermore kule California na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Ndiyo hiyo hiyo inayopanga kazi kwenye Frontier ya Marekani na LUMI ya Ufini, mashine zilizo miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani. Amri ninayoandika mimi, sbatch na jina la skripti, ndiyo wanayoandika wao. Kijana anayejifunzia kwetu akienda huko hahitaji kuanza na alifu.

Mistari ya kwanza ya skripti haina sayansi ndani yake. Ni ombi: nataka kori ngapi za prosesa, memori kiasi gani, kwa muda gani. Skripti iliyokuwa ikirithishwa katika maabara yetu iliomba kori 8, gigabaiti 64 na saa 48. Kila aliyekuja aliinakili, akabadilisha jina la faili, akaituma. Kisha ukiandika squeue unaona herufi PD, yaani kazi inasubiri, na pembeni yake sababu: Priority, yaani wengine wako mbele yako, au Resources, yaani nafasi haijapatikana. Zinakaa hivyo asubuhi, zinakaa hivyo jioni. Manung'uniko yetu yalikuwa yale yale siku zote, kwamba klasta ni ndogo na wenzetu watafiti wa hali ya hewa wameimaliza.

Fundi wa mifumo alikuja kukaa nasi maabarani. Ni kijana mtulivu, hana haraka ya kukuonyesha anachojua. Akavuta kiti.

"Dada, kabla hatujaisema foleni, tuulize kazi iliyokwisha ilitumia nini."

Akaandika seff na namba ya kazi. Mistari michache ikatokea. Memori iliyotumika ilikuwa chini kidogo ya gigabaiti 6 kati ya 64. Muda, saa moja na nusu kati ya 48.

"Na zile gigabaiti nyingine zilikuwa zinafanya nini?" nikamuuliza.

"Zilikuwa zako, dada. Hakuna mwingine aliyeweza kuzigusa mpaka kazi yako iishe."

Sentensi hiyo imekaa nami. Ukiomba, unafungiwa ulichoomba, ukitumie usikitumie. Jirani yako anayesubiri hapati hata kile ambacho wewe umekiacha kimelala. Na saa 48 zilikuwa zinatuumiza sisi wenyewe, jambo ambalo fundi alilieleza kwa subira mpaka kila mmoja akalielewa. Programu ya foleni inafanya kama utingo anavyopakia basi la mkoani. Mizigo mikubwa inapangiwa nafasi yake, halafu vifurushi vinapenyezwa kwenye mianya. Kazi kubwa ikiwa inangoja nodi kumi ziachiwe saa nane, nodi zilizo wazi tangu saa tano zinaweza kupewa kazi ndogo, mradi ziwe zimetamka kwamba zitaisha kabla ya saa nane. Kazi iliyotamka saa 48 haipenyi popote. Tukaandika saa 3 na gigabaiti 10, tukiacha nafasi ya tahadhari, kwa sababu ukizidisha muda ulioomba kazi inakatwa, na memori ikizidi inauawa hapo hapo. Kazi zilizokuwa zikilala foleni zikaanza kuondoka siku ile ile.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni kipimo cha haki. Kwenye mpangilio tunaoutumia, Slurm inakumbuka nani ametumia kiasi gani, na aliyetumia sana kipaumbele chake kinashuka. Kumbukumbu hiyo inafifia, kwetu kwa nusu kila baada ya siku 7, kwa hiyo hakuna anayeadhibiwa milele. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye hajatuma kitu mwezi mzima anatangulia mbele ya profesa aliyeshughulisha mashine wiki nzima. Hakuna simu ya kupiga, hakuna mtu wa kumwona. Nimekulia katika nchi ambayo foleni nyingi zina mlango wa nyuma, na sikujua kiu yangu ya foleni isiyo na mlango huo ilikuwa kubwa kiasi gani mpaka nilipoiona. Ni kweli wasimamizi wanaweza kuipandisha kazi fulani, kwa mfano kukiwa na mlipuko wa ugonjwa, na wafanye hivyo. Ninachosisitiza ni kwamba watangaze, ili kila aliye kwenye foleni aelewe kwa nini amepitwa.

Zile sampuli 320 leo ni skripti moja. Mstari mmoja unasema array=1-320%40: kazi 320 zinazofanana, zisizidi 40 kwa wakati mmoja, ili na wengine wapumue. Kila moja inachukua namba yake na kusoma jina la sampuli kwenye orodha. Skripti ya pili, ya kuunganisha matokeo yote, naituma dakika hiyo hiyo kwa sharti la afterok, kwamba isianze mpaka zote ziishe salama. Kabla ya hapo najaribu sampuli moja peke yake na kuangalia imekula kiasi gani. Hatua hiyo siiruki kamwe. Asubuhi naandika sacct, amri inayoonyesha kila kazi iliishaje. Zilizoandikwa COMPLETED naziacha. Zilizoandikwa OUT_OF_MEMORY ni chache, kwa kawaida zile zenye DNA nyingi ya binadamu ndani yake na faili kubwa kupita nyingine. Hizo nazirudisha kwa namba zake tu, na memori ya ziada.

Kulinda kazi nimeacha. Ule muda wa usiku sasa ni wa kusoma, na wa kulala. Wageni wa maabara wanafundishwa kuandika seff kabla ya kufundishwa chochote kingine, na mwisho wa mwezi tunabandika ukutani jedwali la tulichoomba na tulichotumia, majina yakiwa wazi, ya wakubwa na ya wadogo.

Kinachotushinda bado ni diski. Foleni inagawa kori na memori kwa haki, lakini eneo la kazi la pamoja linajazwa na mafaili ya katikati ambayo kila mtu anasema atayafuta kesho, na likijaa, kazi za watu wote zinaanguka. Tumekubaliana skripti zetu zifute zenyewe faili za katikati hatua ya mwisho ikithibitika kuwa sahihi. Maabara mbili za jirani zimeichukua skripti hiyo, na wa hali ya hewa wameomba tukae nao Jumatatu.