Mayungiyungi ya Machimboni

Mkazi wa Spring Valley anapouacha mtaa wake na kuingia Karura kwa lango la Barabara ya Limuru, hupokewa kwanza na kivuli. Njia ya udongo mwekundu humpitisha baina ya miti na, akiwa na subira, humfikisha kwenye ziwa dogo lenye mayungiyungi. Wageni huketi ukingoni, wakapumua. Wachache hutambua kwamba palikuwa machimbo ya mawe: watu walitoka, maji yakaingia.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba ardhi hujiponya yenyewe, mradi binadamu aondoke. Hata hivyo, jiji hilihili lina ushahidi wa kinyume. Dandora nako kulikuwa na machimbo. Mwaka 1975 shimo lile liligeuzwa jaa la taka za Nairobi. Mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, na taka zikazidi kuletwa. Shimo moja lilipata maua, jingine likapata moshi. Mvua ni ileile. Kilichotofautiana ni uamuzi wa watu.

Karura yenyewe haikusalimika kwa bahati. Ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, lakini katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu waliotaka kujenga majumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, wakashambuliwa. Yeye mwenyewe alijeruhiwa kichwani. Lau wangalinyamaza, huenda mayungiyungi yale yangalifukiwa chini ya misingi ya nyumba.

Kule Bamburi, Mombasa, somo ni hilohilo. René Haller alipoanza kuyafufua machimbo ya kiwanda cha saruji mwaka 1971, alijaribu aina 26 za miti. Ni 3 tu zilizostahimili. Mvinje ulishika mizizi katika mwamba mtupu, ila majani yake hayakuoza mpaka walipoletwa jongoo, wakayatafuna yakawa rutuba. Msitu unaoonekana leo ulianza na mikono ya watu na kinywa cha mdudu asiyethaminiwa.

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Walivikusudia vyombo vya baharini, lakini usemi huo wayafaa pia maua yaeleayo juu ya jeraha la machimbo. Swali linalobaki ni la haki. Karura imezungukwa na mitaa ya wenye nacho. Jaa la Dandora limepakana na Korogocho, makazi ya wasio nacho. Mawe ya machimbo yalijenga jiji la wote, ilhali kivuli kimewaangukia hawa na moshi ukawaangukia wale. Ikiwa shimo moja liliweza kuundwa likawa ziwa, hapana hoja ya kuwaambia watoto wa Dandora kwamba lao haliwezekani. Kinachokosekana huko si mvua wala mbegu, bali wa kusimama langoni na kukataa.