Sauti Kando ya Ulingo

Kazi za ulimi ni nyingi, lakini chache ni ngumu kama kushuhudia jambo ambalo mwisho wake umekwisha kupangwa. Shahidi wa mahakamani huapa kusema kweli. Mtambaji wa hadithi hupewa ruhusa ya kubuni. Mtangazaji wa mieleka ya kulipwa hana kiapo wala ruhusa. Hukaa kati ya wawili hao, naye hutakiwa kuieleza hadithi kwa kinywa cha shahidi. Yamkini ndiyo sababu wasomi humpita bila salamu. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1957, aliipa mieleka ya Ufaransa heshima ya mchezo wa kuigiza ambamo haki na uovu huonekana kwa macho. Lakini aliyoyatazama ni viwiliwili na nyuso. Sauti inayomfikishia mambo hayo mtu aliyeketi nyumbani haikuwa hoja yake. Hapa nataka iwe hoja yangu.

Wapenzi wa mieleka ya Marekani na Uingereza hupenda kuwapanga watangazaji wa zamani katika ngazi moja: watulivu juu, wenye makelele chini. Ngazi hiyo ina mantiki, lakini haina uadilifu. Kabla ya kuitikisa, ni haki kwanza kuwapa wa juu sifa yao.

Gordon Solie (1929–2000), aliyetangaza mieleka ya Florida kutoka mji wa Tampa, alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo, isiyopanda ovyo. Kila mshiko aliutaja kwa jina lake, akaeleza ni kiungo gani kinachoumia na kwa sababu gani. Uso uliotapakaa damu aliuita kinyago chekundu, na usemi huo ukadumu katika msamiati wa mchezo. Kule Uingereza, Kent Walton alitangaza mieleka ya televisheni tangu mwaka 1955 mpaka 1988, akizungumza taratibu kama jirani aliyekuja kuketi barazani Jumamosi alasiri. Siri ya watu hawa wawili ni moja. Mshindi huweza kuwa amechaguliwa kabla ya kengele kulia, lakini mkono uliopindwa huuma, mgongo uliobwagwa hupata mshtuko, na pumzi hukatika. Walisema kweli katika mambo madogo, na kweli hizo ndogo zikalibeba jambo kubwa lililobuniwa, kama vijiti vingi vinavyobeba paa.

Mtindo wa pili ni wa malumbano. Robert Marella, ambaye ulimwengu wa mieleka ulimjua kwa jina la Gorilla Monsoon, aliketi pamoja na Bobby Heenan. Mmoja alitetea sheria; mwingine alitetea wavunja sheria. Tarehe 19 Januari 1992, katika mji wa Albany, watu 30 waliingia ulingoni mmoja baada ya mwingine kugombea ubingwa uliokuwa hauna mwenyewe. Ric Flair aliingia wa tatu, akadumu kiasi cha saa nzima, akashinda. Saa hiyo yote Heenan alimlilia Flair kama mzazi. Roddy Piper, aliyekuwa na desturi ya kuvaa vazi la wanaume wa Kiskoti, alipomwokoa Flair bila kukusudia, Heenan alilisifu vazi lile akisema kuwa si sketi. Punde Piper alipomgeukia Flair, vazi lilelile likawa sketi tena. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Mimi sijapata kuusikia mfano wa methali hiyo uliokamilika kuliko huu.

Wako wanaomdharau Heenan kwa kuwa alikuwa mwongo wa kuchekesha. Naona walimsikiliza kwa sikio moja. Upendeleo wake ulikuwa wazi kiasi kwamba haukuweza kumdanganya mtu. Palipo na mtangazaji mmoja, msikilizaji hupokea. Palipo na wawili wanaobishana, msikilizaji hugeuka hakimu. Uongo wa Heenan ulimlazimisha kila mtu kuitafuta kweli kwa macho yake mwenyewe.

Basi twende kwa yule awekwaye chini kwa sababu ya makelele. Jim Ross, mwana wa Oklahoma, anakumbukwa zaidi kwa usiku wa tarehe 28 Juni 1998 katika mji wa Pittsburgh. Mick Foley alitupwa na Undertaker kutoka juu ya kizimba cha chuma, kiasi cha mita tano, akaangukia meza ya watangazaji. Ross alipaza sauti kama mtu aonaye mauaji. Wapimaji husema alipita kiasi, na kwamba Solie angaliutaja urefu, uzito na mfupa, kisha angalinyamaza.

Kanda ya usiku huo ilifika katika kibanda cha video mtaani kwetu Tanga nilipokuwa mwanafunzi. Marehemu mjomba wangu, ambaye hakujua neno moja la Kiingereza, aliketi pembeni yangu. Foley alipoanguka na sauti ile ilipolia, mjomba alinishika mkono akauliza, "Mwanangu, huyu anayelia ni ndugu yake yule aliyeanguka?" Nilimjibu kwamba ni mtangazaji tu. Hakuridhika. Alisema mtu hawi "tu" akilia hivyo. Maneno ya Solie yangalimpita mjomba wangu, na vichekesho vya Heenan vivyo hivyo, kwa maana sanaa yao imo katika maneno. Sanaa ya Ross ilivuka mpaka wa lugha. Ilimweleza mgeni asiyejua jina la mshiko wowote kwamba mwanadamu ameumia, na kwamba yuko mwanadamu mwingine aliyejali.

Tena nyakati hazikuwa sawa. Mwaka 1989 wakuu wa kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani walikiri mbele ya wabunge wa New Jersey kwamba yao ni maonyesho wala si mashindano. Katika miaka yake mingi Solie alizungumza na watu ambao wengi wao waliweza bado kuamini. Ross alizungumza na watu waliojua. Kumshawishi asiyejua ni kazi; kumgusa ajuaye ni kazi kubwa zaidi.

Lakini mizani yangu ya mwisho ni usiku mwingine. Tarehe 23 Mei 1999, katika mji wa Kansas City, Owen Hart alikuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka darini. Kifungo kikafunguka, naye akaanguka zaidi ya mita ishirini hadi ulingoni. Ross alitakiwa kuwaambia watazamaji wa televisheni kwamba hili halimo katika maonyesho. Baadaye akatakiwa kuwaambia kwamba Owen Hart amefariki. Waliokuwa ukumbini hawakutangaziwa msiba huo, na mapambano yakaendelea. Yule aliyelia juu ya meza iliyovunjika Pittsburgh sasa aliishusha sauti, akasema maneno machache yasiyo na pambo. Watu wakamwamini mara moja, kwa kuwa walikwisha kuijua sauti yake ya maonyesho na wakasikia kwamba siyo hii.

Hapo ndipo ngazi ya watulivu na wenye makelele inapovunjika. Kelele za Ross hazikuitumia akiba ya imani yake ikaisha. Ziliiweka mahali ambapo kimya kiliweza kuikuta. Sisi tufundishao lugha huwaonya wanafunzi wetu wasipige kelele katika maandishi yao, na onyo hilo ni jema. Hata hivyo tuongeze jingine: anayejua kupaza sauti hapana budi ajue pia kwa nini anaipaza, maana iko siku atatakiwa kuishusha, na siku hiyo watu watakuwa na yeye peke yake wa kuwaambia kweli.