Mshahara Mmoja, Midomo Mitatu

Najua nimeadimika, zamu za usiku zimenibana kwelikweli. Leo najibu swali ambalo mawifi zangu huniuliza kila tukiongea: "Kaka yetu anafanya kazi gani huko China?"

Analea mtoto. Aliingia kwa visa ya S1, ya familia ya mtu anayefanya kazi huku, nayo haimruhusu kuajiriwa. Akikutwa na kibarua bila kibali ni faini, na anaweza kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo hapa Zhanxi tunakula mshahara mmoja tu, wa nesi.

Tungesema tumwajiri dada wa kazi, huku wanamwita ayi, sehemu kubwa ya mshahara ingeishia kwake. Sasa binti yetu wa miaka 3 yuko na baba yake, na Kiswahili anakimwaga utadhani kazaliwa Temeke!

Tunaishije? Baba ana daftari, kila yuan inaandikwa. Sokoni yeye ndiye mtaalamu. Bei za huku ni kwa jin, yaani nusu kilo, mgeni akidhani ni kilo anashangaa analipa mara mbili. Nyama ni Jumatano na Jumapili. Siku nyingine ugali wa unga wa njano na matembele... ndiyo, matembele! Watu wa Guangzhou wanakula majani ya viazi vitamu kama sisi. Jioni baba na mwana wanakwenda bustani ya ziwa Liuhua, haina kiingilio.

Mtihani ni mtaa wenyewe. Zhanxi iko kando ya stesheni kuu ya reli, na ukitoka nje ni viatu na saa ghorofa kwa ghorofa. Ndiyo maana mnadhani vinaokotwa. Jamani, ni maduka ya jumla, wanakuuliza unataka katoni ngapi! Ukitaka pea moja, wengi hawakutazami mara mbili. Na hata ukiipata, kuna gharama ya kuisafirisha.

Kwa hiyo naomba tuelewane. Hela ya dawa za presha za mama iko ukurasa wa kwanza wa daftari, haijawahi kukosa na haitakosa. Viatu vya harusi na simu za mashemeji havimo. Nikikaa kimya mkiagiza, msidhani nimeringa.

La mwisho ni la mawifi zangu. Mnapomtania kaka yenu kwamba nimemgeuza yaya, anacheka. Mimi ndiye ninayemwona akishakata simu, haongei mpaka tunalala. Asubuhi anaamka kabla yangu, anapika uji, ananifungia chakula cha kazini. Mkipiga tena, muulizeni mtoto kaamkaje, kala nini. Atawajibu vizuri kuliko mimi, maana yeye ndiye anayejua.

Nawapenda wote. Mama, usisahau kupima presha!